KAMBALE WA NGOINGWA NA MAJI YAZUNGUKAYO

Kambale ni samaki mgumu. Jambo hilo lajulikana kwa kila mtu aliyekaa karibu na mto au ziwa, maana kambale huweza kuishi katika tope wakati maji yanapokauka, na usiku wa mvua huonekana akitambaa majanini kutoka dimbwi moja kwenda jingine. Juu ya mashavu yake ana kiungo kimwezeshacho kuvuta hewa kama wanyama wa nchi kavu. Kwa sababu hiyo watu wengi waanzao kumfuga hudhani kwamba samaki huyo hafi upesi. Kisha asubuhi moja hufungua mlango wa chumba cha matangi na kuwakuta watoto wa kambale kwa maelfu wamelala chini, weupe, na maji yananuka.

Hasara kama hiyo si ndogo. Ili kupata watoto hao ilimpasa mfugaji kumlisha mama kwa miezi mingi, kumdunga homoni, kumkamua mayai, na kumchinja dume mmoja ili kupata mbegu, maana dume wa kambale hakamuliki kama samaki wengine. Yote hayo hupotea kwa usiku mmoja, na aghalabu mwenye mali hajui kilichowaua. Hununua dawa, hubadilisha chakula, huwalaumu waliomwuzia mama. Lakini mara nyingi samaki hawakuugua. Kilichoharibika ni mtambo wa kusafisha maji, na mtambo huo una dalili zake ambazo mtu aweza kuzisoma kama mganga asomavyo homa.

Mambo haya yawahusu hasa watu wa Thika na Ruiru. Katika mtaa wa Ngoingwa, kando ya barabara iendayo Mang'u, kiwanja cha futi 50 kwa 100 ni mali kubwa, na baada ya kujenga nyumba hakibaki nafasi ya kuchimba bwawa. Mwaka 2009 Serikali ya Kenya ilipoanza mpango wake mkubwa wa kufuga samaki, ilikusudia kuchimba mabwawa 200 katika kila moja ya majimbo 140 ya uchaguzi, na kila bwawa lilikuwa la mita 300 za mraba. Bwawa moja la namna hiyo lingemeza zaidi ya nusu ya kiwanja cha Ngoingwa, nyumba na choo pamoja. Kwa hiyo mtu wa mjini atakaye kufuga hana budi kutumia matangi, na kwa kuwa maji ya mfereji hulipiwa, hana budi kuyatumia maji yale yale tena na tena.

Biashara yenyewe ni ya watoto wa samaki zaidi kuliko samaki wakubwa. Wenye mabwawa mashambani huwahitaji ili kuanzia ufugaji, na wavuvi wa Ziwa Viktoria huwanunua wawe chambo cha kumnasia mbuta, ambaye Tanzania huitwa sangara. Kituo cha Sagana, kilichoanzishwa mwaka 1948, kimekuwa kikifundisha na kutoa watoto wa samaki kwa miaka mingi, lakini mwenye chumba kimoja na matangi machache naye aweza kuuza, mradi watoto wake wawe hai.

Njia ya maji

Ili kufahamu mtambo unapokosea, kwanza imepasa kujua unavyokwenda ukiwa mzima. Chukua mfano wa mfugaji mwenye matangi sita, kila moja urefu wa sentimita 100, upana 60, na kina cha maji 50. Kila tangi lina lita 300, na yote pamoja lita 1,800. Katika kila tangi kuna bomba lililosimama wima, na maji yakifika kimo chake humwagikia ndani yake na kushuka kwa uzito wake yenyewe mpaka kwenye bomba kubwa la pamoja. Bomba hilo hupeleka maji yote kwenye pipa la kwanza, ambako mavi na mabaki ya chakula hutua chini au kunaswa na sponji. Kutoka hapo maji huingia katika pipa la pili lililojaa kokoto nyepesi, vipande vya plastiki au vitu vingine vyenye nyuso nyingi. Mwisho huingia katika tangi la chini, ambamo pampu huyasukuma tena juu kwenye matangi sita.

Pipa la kwanza kila mtu hulielewa, kwa kuwa uchafu wake huonekana. Pipa la pili ndilo linalowashinda wengi. Hilo si chujio kama lile la chai. Katika kokoto zile hukaa vijidudu wasioonekana kwa macho, nao ndio wafanyao kazi kubwa kuliko zote. Samaki akila, hutoa amonia kwa njia ya mashavu yake, na chakula kilichobaki kikioza hutoa amonia vile vile. Amonia ni sumu. Vijidudu wa namna moja huila na kuigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu pia. Vijidudu wa namna ya pili huila nitriti na kuigeuza kuwa nitrati, ambayo samaki huweza kuivumilia kwa wingi. Mrusi Sergei Winogradsky ndiye aliyeonyesha kazi ya vijidudu hao karibu na mwaka 1890, alipokuwa akichunguza udongo wa mashamba, na ni wale wale warutubishao shamba la mahindi.

Basi mfugaji wa kambale ana mifugo wawili. Mmoja amwona na kumlisha. Wa pili hamwoni, naye huhitaji oksijeni, joto, chakula na maji yasiyo makali. Mfugo huyu wa pili akifa, wa kwanza humfuata baada ya siku chache.

Tangi moja au yote?

Samaki wanapoanza kufa, swali la kwanza ni hili: je, wanakufa katika tangi moja au katika yote? Swali hilo peke yake laweza kuokoa fedha nyingi. Maji ya matangi yote ni mamoja. Ikiwa maji yameharibika, matangi yote yataonyesha, ingawa yale yenye watoto wadogo yataonyesha kwanza. Lakini ikiwa matangi matano ni mazima na moja tu lina shida, hakuna haja ya kugusa kichujio wala kutia dawa katika mtambo wote. Kosa liko katika tangi lile: maji hayaingii ya kutosha, jiwe la hewa limeziba, chakula kimemwagwa kupita kiasi, au samaki wamesongamana.

Kuna na jambo la tatu, ambalo huwadanganya hata wazoefu. Watoto wanapungua kila siku wala hakuna maiti. Hapo maji hayana hatia. Watoto wa kambale hulana wao kwa wao, na mmoja aliyewazidi wenzake kidogo kwa ukubwa aweza kuwameza wengi kwa siku moja, akazidi kukua, akazidi kumeza. Dawa yake ni kuwachambua kwa ukubwa kila juma, wakubwa na wakubwa, wadogo na wadogo, na kuwalisha mara nyingi kidogo kidogo ili wasishikwe na njaa.

Ikiwa ni matangi yote, kinachofuata ni kupima, wala si kukisia. Vifaa vya kupimia amonia, nitriti na ukali wa maji huuzwa madukani, na kipimajoto ni cha bei ndogo. Mtu asiyekuwa na kipimo ni kama mwenye duka asiyekuwa na mizani.

Kupima mwendo wa maji

Kipimo cha kwanza hakihitaji duka. Chahitaji debe la lita 20 na saa ya mkononi. Mfugaji aweke debe chini ya bomba litokalo kwenye pampu, katika kimo kile kile ambacho maji hupanda kila siku, na ahesabu. Debe likijaa kwa sekunde 30, pampu inatoa lita 2,400 kwa saa. Kwa matangi ya lita 1,800 hiyo inatosha, maana maji yote yatazunguka zaidi ya mara moja kwa saa.

Wengi hushangaa hapa. Pampu yao imeandikwa lita 4,000 kwa saa, nayo inatoa nusu. Muuzaji hakuwadanganya, ila hakuwaeleza. Namba ile ni ya pampu isiyopandisha maji hata kidogo. Kila sentimita ya kimo huipunguzia nguvu, na kila kona ya bomba huipunguzia tena. Pampu yenye uwezo wa kupandisha mita 3 haitoi hata tone ikifika mita 3. Kwa hiyo anayenunua na auulize kimo, si lita peke yake, na atumie bomba pana lenye kona chache.

Baada ya hapo apime kila tangi kwa chombo cha lita moja. Lita 2,400 zikigawanywa kwa matangi sita ni lita 400 kila moja, na chombo kitajaa kwa sekunde 9. Aghalabu tangi lililo karibu na pampu litajaza kwa sekunde 4 na la mwisho kwa sekunde 20, kwa sababu maji hufuata njia iliyo rahisi. Tangi la mwisho ndilo watoto wake hudumaa, na mwenyewe husema lina mkosi. Kila tangi lapasa kuwa na koki yake, nayo ifungwe kidogo kwa yaliyo karibu mpaka yote yalingane. Mafundi wazuri hufanya zaidi: huliunganisha bomba kuu liwe duara, ili maji yafike kwenye kila tangi kutoka pande mbili. Tangi la watoto wachanga lisipewe maji ya nguvu kama mengine, maana watoto wenye umri wa siku chache hawawezi kushindana na mkondo, hubanwa kwenye wavu wa bomba la kutokea na kufa hapo.

Wavu huo wenyewe ni wa kuangaliwa asubuhi na jioni. Ukiziba kwa maganda ya mayai au chakula, tangi hufurika na watoto huenda na maji sakafuni. Lililo jema ni kutumia wavu mpana uliozungushwa bomba zima, kwa kuwa eneo kubwa haliwezi kuziba mara moja.

Stima inapokatika

Hapa ndipo hasara kubwa kuliko zote hutokea, na hutokea usiku.

Stima ikikatika pampu husimama, lakini maji hayasimami. Yale yaliyo juu ya kimo cha bomba la kutokea huendelea kushuka. Kama maji katika kila tangi yalikuwa sentimita 3 juu ya mdomo wa bomba, basi kila tangi litamwaga lita 18, na matangi sita lita 108, yote yakielekea tangi la chini. Likiwa limejazwa mpaka ukingoni, yatafurika chumbani, na stima ikirudi pampu haitapata maji ya kutosha ya kurudisha.

Lililo baya zaidi ni bomba la kuingizia maji. Ikiwa mdomo wake umezamishwa sentimita 30 ndani ya maji, pampu ikisimama maji huanza kurudi nyuma kwa bomba lile lile, yakivutwa na uzito wake, na hayaachi mpaka mdomo uonekane. Sentimita 30 katika kila tangi ni lita 180, na katika matangi sita ni zaidi ya lita 1,000, pamoja na watoto wa samaki walio karibu na mdomo huo. Dawa yake ni ndogo ya kuchekesha: mdomo wa bomba uwe juu ya maji, au bomba litobolewe tundu dogo kidogo tu chini ya uso wa maji, ili hewa iingie na kukata mvuto huo. Tundu hilo nalo liangaliwe lisizibe kwa utelezi.

Mfugaji aweza kuujaribu mtambo wake mchana, akiwa amesimama hapo. Azime pampu kwa makusudi na atazame maji yanafika wapi. Ikiwa tangi la chini halifuriki, aweke alama ya rangi kwenye ukuta wake kuonyesha mwisho wa kujaza, na asiipite alama hiyo kamwe.

Kisha kuna hewa. Kambale mkubwa atapanda juu kuvuta hewa yake na kungojea. Watoto hawawezi. Katika majuma mawili hivi ya kwanza kiungo chao cha kuvutia hewa hakijakamilika, nao hutegemea oksijeni iliyo majini kama samaki wengine wote. Thika iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na huko juu maji hushika oksijeni kidogo kuliko pwani: maji ya joto la digrii 28 ambayo Mombasa yangeshika miligramu 7.8 kwa lita, Thika hushika 6.5 hivi. Akiba hiyo huliwa upesi na watoto waliosongamana. Kwa hiyo pampu ndogo ya hewa iendeshwayo na betri ni ya lazima kwa kila mwenye kutotoa mayai, na inunuliwe kabla ya jenereta.

Vijidudu wa pipa la pili nao wanahitaji oksijeni, tena nyingi: kila gramu ya naitrojeni ya amonia huwafanya watumie zaidi ya gramu 4 za oksijeni. Maji yakisimama ndani ya pipa lililofungwa, huanza kufa kwa saa chache, na pipa hutoa harufu ya mayai viza. Stima ikirudi, pampu husukuma uozo huo moja kwa moja kwa samaki. Ndiyo sababu mtu husema stima ilipotea usiku na samaki walikuwa wazima, ila walikufa iliporudi. Basi ikikatika kwa muda mrefu, maji ya pipa la pili yamwagwe yote, kokoto zibaki na unyevu na hewa. Vijidudu watavumilia hivyo kuliko kukaa katika maji yaliyosimama. Na ikirudi, maji ya kwanza kupita katika pipa yamwagwe nje.

Amonia, na hatari ya kutibu vibaya

Kichujio kipya hakina vijidudu. Wao huja wenyewe, lakini polepole, na kwa kawaida huchukua majuma manne mpaka manane kujaa. Mtu aliyejenga mtambo Jumatatu na kutia samaki Jumanne ataona amonia ikipanda, kisha amonia ikishuka na nitriti ikipanda, na kati ya hizo mbili samaki wengi watakufa. Atumie siku hizo kulisha vijidudu tu: atie kambale wachache wakubwa, awape chakula kidogo, na achukue kokoto chache kutoka kwa jirani mwenye mtambo wa zamani usio na ugonjwa. Mayai yangoje mpaka vipimo viwili, cha amonia na cha nitriti, vimeonyesha sifuri kwa siku kadhaa huku samaki wakilishwa.

Mtambo wa zamani nao huweza kurudia utoto. Kuna mambo yanayowaua vijidudu bila mwenyewe kujua. La kwanza ni kuosha kokoto kwa maji ya mfereji. Maji ya mfereji hutiwa klorini ili kuua vijidudu wa magonjwa, nayo haichagui mbaya na mwema. Kokoto zioshwe kidogo tu katika ndoo ya maji ya tangi, wala si mpaka zing'ae. Maji mapya ya kuongezea yakae siku moja au mbili katika pipa wazi huku yakipigwa hewa, klorini ipate kutoka. La pili ni dawa. Mtu aliyeona ugonjwa katika tangi moja akitia dawa ya kuua vijidudu katika maji yazungukayo, ametibu samaki mia na kuua kichujio cha elfu kumi. Tangi la wagonjwa lifungiwe koki zake, litibiwe peke yake, na maji yake yamwagwe.

La tatu ni ukali wa maji. Vijidudu wanapogeuza amonia huacha asidi nyuma yao, na maji yasiyobadilishwa huzidi kuwa makali juma hata juma. Kipimo kikishuka chini ya 6.5 vijidudu hulegea, na kikishuka zaidi huacha kazi. Kwa kawaida robo kilo hivi ya bikaboneti ya soda kwa kila kilo ya chakula kinacholishwa hutosha kuzuia jambo hilo, ikitiwa kidogo kidogo kila siku.

Lakini hapa kuna mtego, na yafaa uelezwe kwa makini. Amonia iliyo majini iko ya namna mbili, moja ni sumu kali na nyingine haidhuru sana. Ukali wa maji ndio uamuao ipi iwe nyingi. Kwa joto la digrii 25, maji yakipima 7, kati ya sehemu 1,000 za amonia ni 6 hivi tu zilizo sumu kali. Yakipima 8, zimekuwa 54. Yakipima 9, ni kama 360. Sasa fikiri juu ya mfugaji ambaye maji yake yamekuwa makali, vijidudu wamelala, amonia imejaa, lakini samaki wangali hai kwa sababu amonia hiyo ni ya namna isiyodhuru sana. Anapima, anaona ukali, anatia chokaa au magadi kwa mkono mpana. Kwa saa moja amonia yote inageuka, na samaki wanakufa mbele ya macho yake. Atasema magadi ni sumu. La, sumu ilikuwamo tangu zamani, yeye aliifungulia mlango. Palipo na amonia nyingi, kwanza chakula kisimamishwe na maji yapunguzwe, theluthi kwa theluthi, kwa maji yaliyotulia na yenye joto lile lile. Ukali urekebishwe baadaye, polepole. Na magadi ya Ziwa Magadi yasidhaniwe kuwa sawa na bikaboneti, maana nguvu yake ni kubwa zaidi.

Kwa nitriti kuna dawa iliyo jikoni. Nitriti huingia katika damu ya samaki na kuifanya iwe ya rangi ya kahawia, isiweze kubeba oksijeni. Samaki huhema ijapokuwa hewa majini ni tele. Chumvi ya kula huizuia isipite mashavuni. Gramu 100 kwa kila lita 1,000 za maji ni kinga ya kawaida, na kambale haoni taabu nayo.

Baridi na mapovu

Kuanzia Juni mpaka Agosti baridi ya Kiambu hubadili hesabu yote. Mayai ya kambale katika maji ya digrii 28 huanguliwa kwa siku moja hivi. Katika digrii 20 huchukua zaidi ya siku mbili, na muda huo wote ukungu mweupe huyatafuna yale yaliyokufa na kuenea kwa yaliyo hai. Vijidudu wa kichujio nao huzembea, kwa hiyo mfugaji aliyelisha sawasawa Machi na Julai ataona amonia Julai tu. Chumba cha kutotolea kiwe kidogo, kizibwe nyufa, na matangi yafunikwe usiku. Wengine huingiza jiko la makaa. Jambo hilo limeua watu wengi katika vyumba vilivyofungwa, nalo lisifanywe hata kwa usiku mmoja. Hita ya maji iliyofungwa na fundi wa stima, yenye swichi ya kukata umeme ukivuja, ndiyo ifaayo.

Mwisho ni dalili iliyo ngeni kwa wengi: watoto wanaelea vichwa juu, na chini ya ngozi au machoni wana vipovu. Maji yakipimwa hayana kosa lolote. Sababu yake yaweza kuwa pampu. Kiungo kimelegea upande wa kuvutia, au maji ya tangi la chini yamepungua kwa kukauka, na pampu inavuta hewa pamoja na maji na kuibana ndani yake. Hewa hiyo iliyobanwa huingia katika damu ya samaki na kutoka tena kama vipovu. Maji yakiwa meupe kama yaliyotiwa maziwa kidogo, mkono uwekwe kwenye kila kiungo na tangi la chini lijazwe mpaka alama.

Maji machafu yamwagwayo kutoka pipa la kwanza yana mbolea nzuri, na kwa kiwanja cha Ngoingwa mahali pake ni kwenye migomba na sukuma wiki. Yasielekezwe kwenye mtaro ushukao mtoni. Mto Chania una kambale wake, na ugonjwa uliotoka matangini hauwezi kufungiwa koki huko.